Usukani wa Landrova

Xavery aliutambua usukani kabla muuzaji hajaufuta vumbi. Ngozi ya ng'ombe iliyouzunguka aliishona mwenyewe, na pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa palikuwa bado na shimo.

Wiki hiyo alikuwa amerudi kwake Itetemia, baada ya miaka mingi ya kutangatanga, akaikuta Landrova yake ya zamani uani, haina usukani wala viti. "Wezi," mkewe alimwambia, bila kumtazama. Ndiyo maana leo alikuwa Kanyenye, kwenye duka la vipuri vilivyotumika, akitafuta vya kuifufua.

"Chukua, mzee wangu," muuzaji alisema. "Usukani kama huu siku hizi hawatengenezi tena."

"Umeutoa wapi?"

"Itetemia. Mwenyewe alifia safarini huko, hata maiti haikuonekana. Wakamwekea matanga hivyo hivyo. Na mimi nilikwenda, nikala ubwabwa na nyama mpaka nikashindwa kuinuka."

"Nani alikuuzia?"

"Si mjane wake! Tena alinihimiza nibebe na viti, maana kuku walikuwa wanataga humo."

Xavery aliweka kidole gumba kwenye lile shimo. Kilienea vilevile.

"Alilia?"

"Nani?"

"Huyo mjane."

Muuzaji alicheka mpaka akakohoa. "Mzee nawe! Umekuja kununua usukani au kuhani msiba?"

Xavery aliurudisha usukani juu ya lundo la vyuma, taratibu.

"Kuhani," alisema.