Dalali Anayejua Kusoma

Komeo la geti lililia, kisha pakawa kimya. Kutoka getini hadi sebuleni ni hatua ishirini na mbili. Mzee alizihesabu mwaka ule alipopoteza macho. Leo zilichelewa kuanza, na zilipoanza zilikuwa za watu wawili.

"Baba, dalali wa kwanza huyu," alisema mwanawe wa mwisho. "Nimempokea mwenyewe."

"Mkaribishe kiti. Mpe karatasi."

Mzee alikuwa seremala. Milango yote ya nyumba ile aliichonga kwa mkono wake, na sasa alikuwa anaiuza nyumba yenyewe kwa sharti moja lisilo na mjadala: chumba cha uani kibaki chake mpaka siku ya kufa. Humo zimo randa na misumeno yake. Humo anajua kila kitu kilipo bila kumuuliza mtu. Asubuhi ile, kabla madalali hawajafika, alitamka masharti, mwanawe akaandika.

"Wanunuzi hawapendi nyumba yenye mtu ndani, baba."

"Andika."

Mtihani wa madalali ulikuwa mmoja tu: soma karatasi hii kwa sauti. "Maneno yake mwenyewe dalali ameyapiga msasa siku nyingi," mzee alisema. "Mpe ya mwenzake, usikie atakayoyameza."

Wa kwanza alisoma kama mtangazaji wa redio. Vyumba vinne, kisima, paa jipya. "Na chumba cha uani abaki nacho mzee mpaka siku ya kufa kwake." Mzee akatikisa kichwa, ameridhika.

Wa pili naye alipokelewa getini. Alisoma yote, na la chumba akalirudia mara mbili. "Mzee wangu, atakayekigusa chumba hicho atapita juu yangu kwanza."

"Huyu ndiye," mwanawe alinong'ona.

Wa tatu alibisha hodi mlangoni, mwanawe akiwa bafuni. Sauti ya mwanamke, ndala zikipiga sakafu. Alisoma polepole, neno kwa neno. Vyumba vinne. Kisima. Paa jipya. Akanyamaza.

"Endelea, mama."

"Nimemaliza, mzee."

"Na chumba cha uani?"

"Hakimo."

Mwanawe aliingia mbio, miguu ingali na maji. "Hakimo vipi? Baba, huyu dalali wa ndala amekuona huoni, anakuchezea. Wenzake wawili wamekisoma, yeye peke yake hakioni. Sasa kipofu hapa ni nani?"

Mwanamke hakupandisha sauti. "Mimi nimesoma kilichoandikwa, kaka. Kutunga ni kazi ya watu wengine."

Mzee alinyoosha mkono, akarudishiwa karatasi. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nenda, mama."

Ndala zilitoka mpaka barazani, zikasimama. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

"Usijali, baba," mwanawe alisema akivuta kiti karibu. "Mji umejaa matapeli. Nimpigie yule wa pili?"

"Utampigia. Kwanza nisomee wewe, roho yangu itulie kwa sauti ninayoijua."

Mezani karatasi zilichakarishwa, moja ikakunjuliwa. Mwanawe akakohoa, akasoma. Vyumba vinne. Kisima. Paa jipya. Ilikuwa sauti ile ile iliyomsomea barua zake zote kwa miaka mitatu, za benki, za hospitali, za dada yake aliyeko mbali. Haikutetemeka popote.

"Na chumba cha uani abaki nacho baba mpaka siku ya kufa kwake. Umesikia sasa?"

"Nimesikia."

Mkono wa mzee ulikuwa chini ya paja lake, umeishika karatasi ya masharti, aliyoikalia tangu mwanamke yule alipomrudishia.

Akageuzia uso barazani. "Mama, usiondoke. Nyumba hii utaiuza wewe, nakuahidi, na huyu hatanisomea tena hata jina langu."