Mtihani wa Kunyamaza

Yule mzee hakutaka kusema. Alikaa kitini ametulia tuli, vidole amevifumbata juu ya tumbo, akimtazama binti kwa upole.

Binti naye alimtazama. Hakuwa na haraka, au ndivyo alivyotaka aonekane.

Huu ulikuwa mtihani wake wa tatu wa vitendo katika chuo cha ushauri nasaha, na wa mwisho. Mara ya kwanza alimkatiza mteja katikati ya kilio ili ampe mawaidha. Mara ya pili mteja alimuuliza kaswali kamoja tu, naye akaishia kumsimulia maisha yake yote tangu chekechea. Akianguka leo, basi tena. Atarudi nyumbani, akae kwenye kaunta ya duka la baba yake, auze misumari na saruji mpaka aote mvi. Baba alishamnunulia stuli.

"Mtu wako yumo ndani," mwalimu alikuwa amemwambia pale mlangoni. "Mdomo ufunge, masikio yafungue. Asiposema, mngoje." Kisha mwalimu akaenda kuketi nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani, ambacho waliomo chumbani hujiona wenyewe tu, lakini aliye nyuma yake huwaona wote. Siku hiyo korido ilikuwa imefurika: wanafunzi wa mchana, wanafunzi wa jioni, wateja waliojitolea. Nani ni nani, Mungu ndiye ajuaye.

Basi binti akangoja. Viti viwili vya aina moja, meza ndogo katikati, boksi la tishu. Saa ya ukutani ikawa inajisemea peke yake.

"Karibu," alisema mwishowe, kwa ile sauti laini waliyofundishwa darasani.

"Ahsante, mwanangu. Karibu nawe."

Adabu za watu wazima hizo, binti akawaza.

"Ungependa tuanzie wapi, mzee wangu?"

"Wewe ungependa tuanzie wapi?"

Ah! Nusura binti acheke. Ukinzani huo, mchana kweupe! Mwalimu aliwaambia kwamba mtu akikaribiwa kwenye kidonda chake hupiga chenga, na wala hajui kama anapiga. Huyu mzee alikuwa bingwa.

"Naona swali hilo limekugusa," akasema.

"Unaona limenigusa," mzee akarudia polepole, akiitikia kwa kichwa. "Hebu nieleze zaidi."

Nyuma ya kioo mtu akakohoa, kikohozi cha kubanwa.

Binti akabadili njia. Kwa waliosomea akili iliyojificha chini ya akili, barabara zote huishia utotoni.

"Tuzungumzie utoto, mzee wangu."

"Mh. Na nini kimekufanya uwaze utoto sasa hivi?"

Kimya kikarudi, kikajaa chumba kizima. Mzee akavua miwani, akashika upindo wa shati lake, akaanza kuifuta. Aliifuta taratibu, kioo cha kulia, kisha cha kushoto, bila kuinua macho.

Binti akaikodolea macho miwani ile. Alilijua jina la jambo hili, maana aliliandikia insha akapata alama nzuri: uhamisho wa hisia, pale mtu anapombandika aliye mbele yake sura ya mtu wake wa zamani. Ila kwenye insha lilikuwa likimpata mteja.

"Umenyamaza," mzee akasema. "Kuna kitu kimekujia."

"Hapana."

"Hapana."

"Nimesema hakuna kitu!"

"Sawa, hakuna. Na hicho kisichokuwepo, kinafanana na nani?"

"Na baba!" Neno lilimtoka kabla hajalikamata, na mengine yakalifuata mbiombio. "Baba anafuta miwani hivyohivyo, halafu ananiamulia! Shule aliamua yeye, nywele zangu aliamua yeye. Akinyamaza mezani, nyumba nzima tunaacha kutafuna. Ndiyo maana mimi nikikutana na kimya lazima nikijaze maneno, nisipokijaza naona hukumu inakuja. Sitaki duka, baba! Sitaki misumari! Niliitaka kazi hii kwa sababu... kwa sababu huku mtu mmoja husema na mwingine humsikiliza mpaka mwisho!"

Akalia. Hakikuwa kilio cha staha, kilikuwa kilio cha makamasi.

Mzee hakushtuka wala hakumwambia anyamaze. Alisogeza boksi la tishu karibu naye, akangoja. Binti akalia mpaka machozi yakaisha yenyewe, na ajabu ni kwamba kimya kilichofuata hakikumtisha hata kidogo. Alijisikia mwepesi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijisikia hivyo.

Halafu akakumbuka alipo.

Mtihani! Amerudia yaleyale, tena safari hii amepitiliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Tayari alijiona juu ya stuli, anapima misumari kwenye mizani. Akapenga kamasi, akajikaza, akageukia kile kioo ili amwombe mwalimu radhi kabla hajafukuzwa.

Lakini mzee alikuwa amemtangulia. Alishasimama, koti amelifunga vifungo vyote, anakitazama kioo hichohicho.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Naomba niongezewe muda kidogo. Mteja wangu ndiyo kwanza ameanza kufunguka."