Ndevu za Mgeni

Mwanamume mwenye ndevu alikuwa akimtazama Lydiann tena.

Arie Glick alimwona kupitia dirisha la jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la pichi. Mgeni alisimama kwenye uzio, kofia mkononi, akimwangalia binti aliyekuwa akianika nguo. Aliitwa Enos Gingerich, mtu wa jimbo la Missouri, na alikuwa amefikia kwa jirani yao Benuel, akisaidia kuvuna tumbaku. Ndevu zake zilifika kifuani. Mke hakuja naye, wala hakuna aliyemsikia akimtaja.

"Sylvan, njoo uone," Arie alimwita mumewe. "Lile jibaba linamkodolea macho mwanao."

Sylvan alichungulia, akarudi kwenye kahawa yake. "Ana macho. Ulitaka atazame wapi?"

"Atazame kwake! Mtu ana ndevu kama zile, ana mke na watoto hata wanne. Anatafuta nini kwa wasichana?"

Hapa Lancaster, katika kanisa letu, hatumuulizi mwanamume kama ameoa. Kidevu chake kinasema. Kijana hunyoa mpaka siku ya harusi, na kuanzia hapo wembe ni marufuku. Hata mtoto wa shule anajua.

Na Arie alikuwa na la kuogopa. Mwaka juzi kijana mmoja alimwacha Lydiann wiki chache kabla ya ndoa yao kutangazwa kanisani, na msichana akamaliza majira yote ya baridi bila kucheka. Sasa amempata Melvin. Arie alikwisha kupanda selari nyuma ya nyumba, matuta mengi kupita mahitaji ya watu watatu, na majirani walikuwa wakiyapita wakitabasamu, maana kwetu hakuna karamu ya harusi bila mboga hiyo. Lingezuka jambo tena, mwanawe asingeinuka.

Melvin alimpendeza Arie kuliko alivyothubutu kusema. Alikuja majira ya machipuko, kutoka Missouri hiyohiyo, akapata kazi kwenye karakana ya Sylvan ya kushona hatamu za farasi. Alikuwa mpole, mchapakazi, tena msafi. Vijana wengine walikuja kazini na vishina vya ndevu. Yeye alinyoa kila alfajiri, uso laini kama yai lililomenywa. Kilichobaki ni askofu wetu kupata barua ya kumshuhudia Melvin kutoka kwa askofu wa kwao, ambaye, alivyosema Melvin, ni mzee na haandiki mpaka asukumwe.

Mchana ule Arie alimfuata karakanani.

"Huyu Enos unamjua?"

Melvin alishusha hatamu aliyokuwa akiishona. "Namjua."

"Jana niliwaona mkinong'onezana nyuma ya zizi. Ulitoka pale umepauka."

"Mama, sipendi kumsema mwenzangu." Akaiokota tena hatamu. "Muulize tu mkewe yuko wapi."

Hilo lilimtosha Arie. Alirudi nyumbani anachemka.

"Mama, acha hizo," Lydiann alimwambia huku akikunja mashuka. "Haniangalii hivyo. Ananiangalia kama mtu aliyekuja kunipa pole."

"Wewe unajua nini? Ndivyo wanavyoanza."

Kesho yake, kabla hata uji haujapoa, Arie alikuwa ameshaamua. Lydiann angekwenda kwa shangazi yake huko Big Valley, akae mpaka mgeni aondoke. Sylvan aliuliza nani atampeleka, na Melvin akajitolea kabla swali halijaisha. Gari la kukodi likaja. Arie akawafungia mkate na jibini, akambusu binti yake, akasimama barabarani akipunga mkono mpaka vumbi likatua. Kwa mara ya kwanza wiki ile akapumua.

Kisha akavaa kofia yake nyeusi ya kitambaa, akavuka shamba kwenda kwa Benuel. Enos alikuwa juu ya mkokoteni, akipanga tumbaku.

"Shuka," Arie alisema. "Sitaki kupiga kelele, watu wasikie."

Akashuka.

"Mimi sizunguki. Binti yangu ameondoka, humwoni tena. Rudi kwa mkeo."

"Mke?" Enos alimtazama kwa mshangao. "Mama, mimi sijaoa."

"Na hizo ndevu umeazima?"

Enos alijishika kidevu kama mtu aliyeambiwa ana uchafu usoni. "Hizi? Kwetu mtu anafuga akibatizwa. Awe na mke, asiwe na mke, wembe basi."

Arie alikuwa na neno kali tayari mdomoni, likamkwama. Ni Melvin mwenyewe aliyemsimulia, mezani kwake, jinsi alivyobatizwa akiwa na miaka kumi na tisa.

"Lakini Melvin hana..." alianza.

"Tulibatizwa siku moja, mimi na yeye. Siku ya kwanza nilipomwona hapa, amenyoa, sikumtambua." Enos alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Imeandikwa, ndugu yako akikosa, mwonye kwanza mkiwa wawili peke yenu. Nikamwonya. Aliniomba nimpe mpaka Jumapili, ili amwambie binti yako kwa kinywa chake mwenyewe."

"Amwambie nini?" Arie alishika gurudumu la mkokoteni.

"Kwani Melvin yuko wapi sasa hivi?"

"Nimemtuma. Nimemtuma aende na Lydiann."

Enos alivaa kofia yake haraka.

"Nionyeshe njia waliyoshika, mama. Dada yangu aliniambia nisirudi nyumbani bila mumewe."