Mkono Nyuma ya Magunia

Miaka kumi na minane mwenyekiti aliliendesha soko lile kama nyumba yake, akigawa meza apendavyo. Sasa wawekezaji walikuwa tayari kulijengea paa jipya, ila kwa sharti: soko liwe mali ya wachuuzi wote, faida irudi mtaani, na kiongozi achaguliwe.

Siku ya uchaguzi mpinzani wake alikuwa fundi cherehani wa pale sokoni; mwenyekiti alikuwa ameshapata kura thelathini. "Haya, wanaomtaka fundi cherehani, mikono juu!" alisema kwa kejeli, akaanza kuhesabu.

Alipofika thelathini, mkono mwingine uliinuka polepole nyuma ya magunia, kwenye kona inayovuja. Ganda jekundu la kitunguu lilikuwa limenata kwenye kiganja. Kidoleni kulikuwa na pete aliyoivisha yeye mwenyewe siku ya harusi.

"Mama watoto," alisema, "umesikia nahesabu kura za nani?"

"Nimesikia, baba watoto. Hesabu tu."

Mkono haukushuka.

Alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Thelathini na moja," alisema.