Mguu wa Bibi Skolastika

Katekista Fokas aliposukuma mlango, Bibi Skolastika, ambaye haoni tangu zamani, alitoa mguu nje ya blanketi huku akitabasamu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Fokas.

"Milele na milele, amina." Mguu ukarudi ndani. "Kumbe ni wewe, Mwalimu. Nilidhani Melania."

Melania! Muuza vitumbua, ambaye kwenye jumuiya hajui hata kuongoza sala fupi! Miaka minane Fokas alikuwa akimletea bibi huyu Neno kila Jumamosi, na tabasamu lile hakuwahi kupewa yeye.

Alifungua Biblia, akasoma habari za Yesu kuwaosha wanafunzi miguu. Alisoma kwa ile sauti ambayo parokia nzima iliisifia. Bibi akasinzia. Kando ya kitanda palikuwa na beseni, na ndani yake wembe na kitambaa kilichokunjwa vizuri hadi Fokas akakichukia.

Nje ndala zikasikika zikiburuzwa. Bibi akazinduka, na mguu ukatoka tena, safari hii hadi gotini.

Fokas akainuka haraka, akasukuma komeo.

"Hodi! Bibi, nimekuja kukukata kucha."

"Mwalimu, mfungulie mwenzio."

Mkono mmoja wa Fokas ulikuwa bado kwenye komeo, mwingine umeikumbatia Biblia. Aliviangalia vidole vya bibi vikichezacheza, vikingoja, na kwa mara ya kwanza akajiuliza wembe unashikwaje.