Kucha za Siwema

"Hivi huyu binti yako yuko chuoni kusoma au kurukaruka?" Bi Mwanahawa, jirani, aliwahi kumuuliza mama yake Siwema. Mama akajibu, "Vyote, inshallah."

Leo vyote viwili vilikuwa vimegongana. Siwema alikuwa ndani ya mtihani wa marudio, ambao akianguka anafungasha virago, na nje fainali ya mpira wa pete ilikaribia kuanza. Miguu haikumtulia chini ya meza. Mara akakumbuka kucha. Hakuzikata, na mwamuzi akikuta kucha ndefu hamruhusu mchezaji kuingia uwanjani. Akaanza kuzing'ata moja moja huku anaandika.

"Wewe! Umeandika nini mkononi?" Msimamizi alimjia juu. "Fungua!"

Siwema akafungua viganja. Hapakuwa na maandishi, ila kucha zilizotafunwa na kidole kimoja kinachovuja damu.

"Ni kucha tu, mwalimu. Huwa tunakaguliwa."

"Mpeni mkasi, atamaliza na vidole!" mmoja akadakia nyuma, darasa zima likacheka.

Filimbi ikalia uwanjani. Wenzake wa timu wakaanza kuliita jina lake. Siwema akasimama, akakabidhi karatasi.

Msimamizi akaifunua. "Swali la mwisho hujaligusa. Ukitoka hapa hurudi. Kaa, mwanangu."

Siwema akalitazama lile swali. Jibu alilijua. Akaishika kalamu, akaitua. Doa la damu lilikuwa limebaki pale ambapo jibu lingeanzia. Akatoka kuelekea uwanjani.