Kipindi cha Kasoro

Siku hizi mume akiachana na mkewe anafungwa na mkataba kama mkandarasi: mwaka mzima lazima arudi kurekebisha kila kasoro ya nyumba. Tunsume, msimamizi wa mikataba ya ujenzi, kila Jumamosi alilegeza bawaba moja ya mlango, akachemsha chai ya mchaichai, akamsubiri Ambakisye, mume aliyeachana naye.

Leo mlangoni alisimama mwanamume asiyemjua, bisibisi mkononi.

"Habari, mama. Ambakisye kanipa kazi hii. Mkataba unaruhusu mkandarasi mdogo."

"Bila idhini yangu?"

"Alikutumia ujumbe, hukujibu. Kimya ni idhini."

Kifungu hicho Tunsume aliwakumbusha wengine kila siku. Yeye alidhani asipojibu, Ambakisye atakuja mwenyewe.

Mgeni akakaza bawaba, akaketi kwenye kiti cha Ambakisye.

"Nimeelekezwa ninywe chai kwanza," alisema, "halafu nikuulize umelalaje."